Maji Yasiyofika Ubaruku

Kabla sijawa afisa uendelevu, kazi yangu ilikuwa kupima unyevu wa mpunga. Gari linaingia kiwandani kwetu Iyunga likitokea mashambani Ubaruku, mimi nachoma magunia machache kwa bambo la chuma, namwaga punje kwenye kipimo, nasoma namba, nasema pokea au rudisha ukaanike tena. Dereva anaweza kubishana na mimi akitaka, lakini namba haibishani naye. Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa, na sikumbuki siku niliyorudi nyumbani nikiwa sijui kama nimefanya vizuri au vibaya.

Siku moja mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa Mbeya hapa hapa, mwenye sauti ya chini, ambaye hukumsikia akigomba hata mashine ilipokwama wakati wa msimu.

"Wewe si ulisoma maendeleo ya jamii chuoni?" aliniuliza.

"Ndiyo, bosi."

"Basi kuanzia leo wewe ni afisa uendelevu."

Nikamuuliza uendelevu wa nini. Aliangalia karatasi zilizokuwa mezani, akazipindua, akaziangalia upande wa pili.

"Wa kila kitu," alisema.

Wanunuzi wetu wa nje walikuwa wametuma maswali. Walitaka kujua kampuni inafanya nini kuhusu mazingira, jamii inayotuzunguka inafaidika vipi, na kama mambo hayo yamo ndani ya mkakati wa biashara au ni sadaka za sikukuu tu. Ukweli ni kwamba tulikuwa watu wa sadaka za sikukuu. Krismasi ikikaribia tulipeleka mchele kwenye kituo cha watoto yatima, tukapiga picha, tukarudi kazini. Mkurugenzi alinikabidhi maswali yale na kuniambia niandike mkakati unaoeleweka, usiwe mrefu.

Juma zima niliandika na kufuta. Nilisoma mikakati ya kampuni nyingine na kila niliposoma nilizidi kupotea. Kulikuwa na nguzo, kulikuwa na wadau, kulikuwa na duara lenye mishale inayozunguka na kurudi ilikotoka. Mwishoni nikayaweka yote pembeni, nikajiuliza swali la kitoto: sisi tunaishi kwa nini? Tunaishi kwa mpunga. Mpunga unaishi kwa maji. Maji yanatoka milimani. Na mimi nimezaliwa milimani, Kilolo, kwenye kijiji ambacho kila bonde lina kijito chake. Sijui kwa nini sikufikiri zaidi ya hapo. Nadhani nilikuwa nimechoka, na wazo lilikuwa zuri, na lilinipeleka nyumbani.

Mbele ya bodi niliweka kwenye projekta picha ya chemchemi ya kwetu, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani. Wajumbe waliinama mbele kuitazama.

"Wapi hapo?" mmoja aliuliza.

"Kilolo, mkoa wa Iringa."

"Pazuri."

Mkurugenzi akasimama kunisaidia. "Yaani tunalinda chanzo," alisema. "Mpunga unapata maji, kijiji kinapata miti, na sisi tunakuwa na jibu." Neno hilo la chanzo liliwafurahisha wote. Hakuna aliyeuliza ni chanzo cha nini. Na mimi, niliyekulia pale nikichota maji kwa ndoo, ningeapa mbele ya mchungaji kwamba maji yote ya nyanda zetu za juu yanakwenda sehemu moja.

Kwetu, mabondeni, watu hulima vinyungu. Ni vibustani vya kiangazi kandokando ya kijito, mahali udongo unapobaki na unyevu wakati mashamba ya juu yamekauka. Mama yangu alikuwa na kinyungu chake pale pale chini ya chemchemi. Magimbi, maharage, mboga za majani, mahindi machache ya kuchoma. Kiangazi chote tulikula kutoka mle. Sheria ya kutolima ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji ilikuwepo siku zote, na kila mtu aliijua, na kila mtu alilima.

Mwezi wa kumi na moja tuliitisha mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule. Mimi nilikaa mbele, kwenye meza, nikiwa na fulana ya kampuni, kando ya mwenyekiti wa kijiji. Nilieleza kwamba kampuni italeta miche ya mivengi na mikuyu, miti isiyokausha maji kama mikaratusi, na kwamba mvua za kwanza zikinyesha tutapanda kuzunguka chemchemi na kando ya kijito, na vinyungu vyote vilivyo karibu vitaachwa. Mwenyekiti alifurahi. Kwa muda mrefu wilaya ilikuwa ikimuuliza kuhusu sheria ile, na sasa alikuwa amepata mtu wa kuisimamia asiyekuwa yeye.

Mama alinyosha mkono kutoka katikati ya kina mama wa kwaya.

"Afisa," alisema, "magimbi yangu yanakomaa mwezi ujao. Miti haiwezi kusubiri kidogo?"

Hakuwahi kuniita afisa. Sikuweza kujua kama ananitania, ananiheshimu, au amenikasirikia. Nikaangalia ratiba yangu kama vile jibu lilikuwa limeandikwa mle.

"Ratiba imeshapitishwa, mama," nilisema.

"Haya," alisema, akakaa.

Kesho yake aliyang'oa magimbi yake yakiwa madogo, kama ngumi ya mtoto. Alinipikia kwa maharage nikala. Hatukuzungumzia mkutano. Aliniuliza tu kama Iyunga bado kuna vumbi la malori, nikamwambia bado lipo.

Miti ilipandwa. Badala ya vinyungu kampuni iliwapa kina mama mizinga ya nyuki, kila mmoja miwili, kwa sababu kwenye mikakati niliyosoma nyuki walikuwa kila mahali. Mizinga ilitundikwa, na nyuki hawakuja. Labda baridi, labda maua, labda hawakuipenda rangi. Mwisho wa msimu mama aliushusha mmoja akaufanya kiota cha kuku, na kuku wake aliupenda sana. Kwenye ripoti niliandika kwamba mizinga imegawiwa, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Tuliweka pia bango kubwa barabarani. Lilikuwa na picha ya sahani ya wali unaotoa mvuke, na chini yake maneno: Tunalinda maji ya wali wako. Wanunuzi walituma barua ya pongezi. Mkurugenzi aliibandika ukutani kwenye korido, na watu wa mashine wakaanza kunisalimia kwa namna mpya.

Mwaka uliofuata nilitumwa Ubaruku kuwaeleza wakulima wetu kile tunachowafanyia. Tulikaa kwenye banda la kuhifadhia mpunga, wao kwenye viroba, mimi nimesimama. Nilikuwa nimezoea kuongea sasa. Nilisema habari za chanzo, nikasema habari za miti, nikaonyesha picha ya bango. Nilipomaliza, mama mmoja alisimama. Alikuwa mwenyekiti wa zamu za maji, yule anayeamua leo mfereji unafunguliwa kwa majaruba ya mpunga ya nani, na ilionekana wazi kwamba pale watu walimsikiliza.

"Tunashukuru," alisema. "Ila mimi sijaelewa. Umesema maji haya yanatoka Kilolo?"

"Ndiyo, mama."

"Kilolo ya Iringa?"

"Ndiyo."

"Nimeshafika Iringa, tulikwenda na kwaya. Ule mto unaopita pale Ipogolo, chini ya mji, ndio unaopokea maji ya huko kwenu?"

Nikasema nadhani ndio.

"Basi ule hauji huku, mwanangu. Ule unakutana na huu wetu mbele kabisa, sisi tukiwa tumeshamaliza na maji. Maji yetu yanashuka kutoka upande wa Mbeya na Njombe." Alionyesha kwa mkono, nyuma ya banda, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo. "Hayo ya Kilolo hayafiki hapa. Hayajawahi kufika."

Hakuna aliyecheka. Nadhani wangecheka ningejisikia vizuri zaidi. Nilisema nitalifuatilia suala hilo. Kisha nikakaa kwenye pikapu ya kampuni, nikafungua ramani kwenye simu, nikaanza kufuata mstari wa bluu kwa kidole. Nilianzia kwetu. Kijito kikaingia kwenye kijito, kikaingia Ruaha Mdogo, kikapita Iringa, kikaendelea kaskazini, mbali, mbali na pale nilipokuwa nimeegesha. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu nilianzia Ubaruku nikipanda juu, nikitumaini kwamba labda kwa upande huo mambo yatakuwa tofauti.

Kitu kilichonichanganya zaidi si kwamba nilikosea. Ni kwamba sikujua kosa lenyewe ni kubwa kiasi gani. Miti ilikuwa imepandwa kweli. Chemchemi ilikuwa chemchemi kweli. Mama yangu aling'oa magimbi yake kweli. Kilichokuwa si kweli ni sababu tu.

Kabla sijaondoka, yule mama wa zamu za maji alikuja dirishani.

"Usihuzunike," alisema. "Mngetuuliza, tungewaambia. Sisi shida yetu ni lango la mfereji. Limeoza, halifungi. Maji yanamwagika njiani, watu wa mwisho hawapati."

Niliporudi Iyunga nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, akaniomba nimwonyeshe kwenye simu, naye akafuata mstari wa bluu kwa kidole chake.

"Kwa hiyo haya maji yanakwenda wapi?" aliuliza.

"Yanapita Iringa, yanakwenda mpaka bwawa la Mtera."

"Mtera si wanazalisha umeme?"

"Wanazalisha."

"Na umeme wa Mtera unaingia kwenye gridi?"

"Unaingia."

"Na mashine zetu za kukoboa zinatumia umeme wa gridi?"

"Zinatumia, bosi."

"Basi," alisema, akanirudishia simu. "Tunalinda maji yanayokoboa mpunga. Badilisha bango."

Nilikwenda mezani kwangu nikakaa. Nilijaribu kuutafuta uongo katika maneno yake na sikuuona. Kila hatua ilikuwa sahihi. Hata hivyo nilijisikia kama mtu aliyepanda basi la kwenda Tunduma akashushwa Makambako, na kondakta anamweleza kwamba Makambako nako ni mji mzuri. Niliandika upya sehemu ile ya mkakati. Ilisomeka vizuri kuliko ya kwanza. Nilipomwambia mkurugenzi habari za lango la mfereji, hakubisha hata kidogo, alimpigia simu fundi siku ile ile, na kabla ya msimu kuanza lango jipya la chuma lilikuwa limefungwa. Lakini hela yake ilitoka kwenye fungu la matengenezo, kwa hiyo halikuingia kwenye ripoti ya uendelevu. Nilipouliza, mhasibu aliniambia lango si jamii, lango ni lango.

Nilimwomba mkurugenzi kitu kimoja zaidi: niruhusiwe kwenda kuwaambia watu wa Kilolo ukweli, na wakitaka vinyungu vyao virudi, kampuni isiwazuie.

"Ukiwaambia watafaidika nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

"Sijui, bosi," nilisema.

"Nenda," alisema.

Ilikuwa mwezi wa kumi, kiangazi kimekomaa. Tulikaa uwanja ule ule wa shule. Safari hii sikuvaa fulana ya kampuni, ingawa nilikuwa nayo kwenye begi. Niliwaambia kwamba tulisema tunalinda maji ya mpunga wa Ubaruku na kwamba maji yao hayafiki Ubaruku.

Mzee mmoja fundi seremala aliuliza, "Yaani mlikosea mto?"

"Tulikosea mto. Mimi ndiye niliyekosea."

"Na sisi tukaacha vinyungu kwa ajili ya mto usio wetu?"

"Ndiyo, baba."

Niliwaambia kwamba sheria ya mita sitini ipo pale pale, hiyo si yangu, lakini kampuni haitawasimamia tena kama hawataki. Minong'ono ikaanza, kwa Kihehe, haraka haraka, mingine sikuipata vizuri, maana nimekaa mjini muda mrefu.

Mwanamke kijana wa kitongoji cha chini, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akasimama. Alisema miaka yote, ikifika mwezi kama huu, kijito kwao kinakuwa matope na wanapanda mlima kufuata maji. Mwaka huu kimeendelea kutiririka. Hajapanda mlima hata mara moja.

"Ni mvua hiyo," alisema mwingine. "Mwaka huu mvua zilinyesha mpaka tukachoka. Miti yenyewe hata kiuno haijanifika, ishikilie maji gani?"

"Ni kwa sababu hatulimi mle," alisema wa tatu.

Wote wakanigeukia mimi. Nilikuwa afisa, nilipaswa kujua. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba katika mwaka mzima wa kuhesabu miche na kupiga picha sikuwahi hata siku moja kwenda kupima maji ya kile kijito. Niliwaambia hivyo hivyo, kwamba sijui ni miti, ni mvua au ni kuacha kulima.

Mwenyekiti akaitisha kura ya mikono. Wanaotaka miti ibaki na vinyungu visirudi wanyoshe. Mikono ikapanda polepole, ya kitongoji cha chini kwanza, halafu huku na huku. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa amenyosha mkono, umenyooka kabisa, kama mtoto wa shule anayejua jibu. Hao ndio walioshinda.

Nililala nyumbani. Asubuhi niliamka mama hayupo, jembe halipo. Nikashuka bondeni. Nilimkuta ndani ya eneo la miti, hatua chache tu kutoka kwenye maji, amesafisha kipande kisichozidi ukubwa wa mkeka, anatupia mbegu za maharage kwenye mashimo.

"Kamwene, mama," nilimsalimia.

"Kamwene, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala. Mama, jana si ulinyosha mkono?"

"Nilinyosha."

"Sasa hii?"

"Nilinyosha kwa ajili ya wale wa chini. Yule binti ana mtoto mdogo, mlima ule si mchezo." Alifukia shimo kwa mguu. "Haya ni maharage."

"Lakini ni jambo moja hilo."

Alisimama akanitazama kwa mshangao, kama mtu niliyemwambia jambo la ajabu sana. "Si jambo moja," alisema. "Wao wanataka maji. Mimi nataka maharage. Nimeacha nafasi yote ile kwa ajili yao, huoni?" Akanionyesha bonde, ambalo kwa kweli lilikuwa limefunikwa na miche na nyasi hadi lilipokunja kona.

"Mimi ndiye ninayetakiwa kuandika kama kuna mtu amelima ndani ya eneo," nilisema.

"Andika basi."

"Nikiandika, kamati ya kijiji itakutoza faini."

"Basi usiandike."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ananisaidia kuchagua, kama alivyokuwa akinisaidia zamani kuchagua kitambaa cha sare. Nilitaka kumwambia samahani kwa ajili ya magimbi, nikafikiri ni mwaka sasa umepita, nikafikiri labda ndiyo maana niiseme sasa. Nikafungua mdomo.

"Sogea," alisema. "Umekanyaga mstari."

Nikasogea.

Kwenye fomu ya ukaguzi kuna nafasi ya kujaza kuhusu uvamizi wa eneo. Nilirudi nayo Mbeya ikiwa tupu. Mezani kwangu niliandika hakuna, nikafuta. Nikaandika upo, nikafuta. Mwisho nikaandika kwamba eneo linafuatiliwa kwa karibu. Mkurugenzi aliisoma, akatia saini, akasema lugha yangu imekomaa. Wanunuzi wakaipokea bila swali.

Bado ni mimi afisa uendelevu. Nikiulizwa kazi yangu ni nini naeleza vizuri, watu wanatikisa kichwa, na ninapomaliza kueleza huwa sina hakika nimesema nini. Kuna siku naamini tumefanya jambo jema kwa sababu isiyo sahihi. Kuna siku naona tulimnyang'anya mama chakula, tukampa kiota cha kuku, kisha tukapongezwa. Siku hizo zinapishana na sijaweza kuzipanga.

Juzi mama alinipigia simu nikiwa kazini, mashine zinaunguruma, ikabidi nitoke nje mpaka getini ndipo nimsikie. Aliniambia maharage yameanza kutoa maua, na kwamba kijito kimeshuka kidogo.

"Kimeshuka kiasi gani, mama?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Kinakufika wapi ukisimama katikati?"

Alifikiri. Nilisikia kuku kwa mbali.

"Ngoja nikaangalie," alisema, akakata simu.